Bodi ya futi 8 haitoi vipande 8 vya futi moja: Namna faida ya seremala inavyopotelea kwenye msumeno

CHUKUA bodi moja ya plaiwudi yenye urefu wa futi 8. Ikate vipande vya futi moja moja. Utapata vipande vingapi?

Wengi wetu tutajibu haraka kwamba ni vinane, na ndivyo hesabu ya darasani inavyosema. Lakini ukiingia karakana ukaikata kweli kwa msumeno wa umeme, utapata vipande saba vilivyotimia na cha nane kitakuwa kimepungua zaidi ya sentimita mbili. Sentimita hizo hazikuibwa na mtu. Zimegeuka unga na zimelala chini ya miguu ya fundi.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalowafanya wajasiriamali wengi wa samani, mabanda ya vifaranga, rafu za maduka na vitotoleshi vya mayai wafanye kazi mwezi mzima halafu wajiulize fedha zimekwenda wapi. Bei ya plaiwudi wanaijua na nauli ya kuisafirisha wanaijua, ila hasara inayotokea katikati, pale bodi inapogeuzwa kuwa vipande, hawaiandiki popote.

Makala haya yanaeleza namna ya kukata plaiwudi kwa usahihi kwa kutumia msumeno wa mviringo wa umeme, ule unaoshikwa kwa mikono. Yanamhusu seremala mdogo, na pia mkulima au mfanyabiashara anayempelekea seremala kazi, kwa sababu bodi iliyokatwa vibaya mara nyingi hulipwa na mwenye mali.

Hesabu ya zabuni iliyomgeuka fundi

Tuchukue mfano. Mwenye duka la pembejeo anataka rafu 40, kila moja ikiwa na upana wa futi moja na urefu wa futi 4. Bodi ya kawaida ya plaiwudi ina upana wa futi 4 na urefu wa futi 8, yaani milimita 1,220 kwa 2,440. Fundi anapiga hesabu kichwani: kila bodi itatoa rafu 8, hivyo bodi 5 zinatosha. Tuseme kila bodi ni Sh60,000. Anaandika gharama ya bodi Sh300,000, anaongeza ujira wake Sh80,000, na wanakubaliana.

Sasa tuangalie kinachotokea. Futi moja ni milimita 305. Bledi nyingi za msumeno wa mviringo hula njia yenye upana wa karibu milimita 3 kila zinapopita. Ili kupata vipande 8 unapita mara 7, na hapo milimita 21 zimekwisha kuwa unga. Vipande 7 vya milimita 305 vinachukua milimita 2,135. Ukijumlisha milimita 21 za msumeno unafika 2,156. Zinabaki 284, na mteja anataka 305.

Kwa hiyo bodi 5 zinatoa rafu 35 tu. Fundi analazimika kununua bodi ya sita kwa ajili ya rafu 5. Sh60,000 zinatoka kwenye ujira wake wa Sh80,000. Amefanya kazi ya siku mbili au tatu kwa Sh20,000, na bado hajalipa umeme wala msaidizi.

Angefanyaje? Angepiga hesabu kabla ya kukubali kazi, kisha amwambie mteja kwamba rafu zitakuwa na upana wa sentimita 30 badala ya futi moja kamili. Vipande 8 vya milimita 300 ni 2,400. Ongeza 21 za msumeno, unapata 2,421. Zinabaki milimita 19 za kusafishia ukingo wa bodi kama umegongwa njiani. Hakuna mwenye duka atakayeona tofauti ya milimita 5 kwenye rafu ya kuwekea mbegu na dawa za mifugo, lakini kwa fundi tofauti hiyo ni bodi nzima.

Fahamu bodi unayoikata

Plaiwudi hutengenezwa kwa kumenya gogo kama mtu anavyomenya chungwa bila kukata ganda. Maganda hayo membamba hupangwa moja juu ya jingine, nyuzi za kila tabaka zikikingama na nyuzi za tabaka lililo chini yake, kisha hugandishwa kwa gundi na kushindiliwa kwa joto. Huko Mafinga, wilayani Mufindi, viwanda vya aina hii hutumia misonobari na mikaratusi, ikiwamo inayopandwa na wakulima wenyewe. Bodi inayokatwa hovyo Dar es Salaam au Mwanza inaweza kuwa imetokana na mti uliotunzwa na mkulima kwa miaka mingi.

Kukingama kwa matabaka ndiko kunakoifanya plaiwudi isipasuke wala kujikunja kirahisi kama mbao ya kawaida. Lakini kuna shida moja. Tabaka la juu ni jembamba sana, na msumeno unapokata kukingama na nyuzi zake hulimega na kuacha ukingo wenye vibanzi. Ndiyo maana plaiwudi iliyokatwa kwa haraka huonekana kama imetafunwa na panya.

Kabla ya kukata chochote, kagua mambo matatu. Kwanza, pima unene halisi. Bodi iliyoandikwa milimita 12 au 18 inaweza kupungua kidogo, na upungufu huo utakusumbua wakati wa kuunganisha, kama tutakavyoona. Pili, pima mshazari kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Bodi iliyonyooka ya milimita 1,220 kwa 2,440 ina mshazari wa karibu milimita 2,728. Namba zenyewe si lazima zifanane na hizo, lakini mishazari miwili lazima ilingane. Ikitofautiana, pembe za bodi si mraba, na ukizitegemea kila kipande kitaenda upande. Tatu, angalia kingo. Chagua ukingo mmoja mrefu ulionyooka na usiogongwa, uwekee alama ya penseli, na vipimo vyote vianzie hapo.

Msumeno na meno yake

Msumeno wa mviringo unaotumika sana kwenye karakana ndogo hubeba bledi yenye kipenyo cha karibu milimita 185 au 190. Wanunuzi wengi huuliza nguvu ya mota, lakini ubora wa mkato unategemea zaidi bledi.

Bledi yenye meno 24 ni ya kupasulia mbao kwa haraka. Ukiipitisha kwenye plaiwudi itakata, lakini itaacha vibanzi. Kwa plaiwudi tafuta bledi ya meno 40 hadi 60, yenye ncha ngumu za kabidi. Itakwenda polepole zaidi, lakini ukingo utatoka laini na hutapoteza muda na msasa. Bledi butu nayo ni hasara: huunguza mbao, huchosha mota na humfanya fundi asukume kwa nguvu. Fundi anayesukuma kwa nguvu hawezi kunyoosha mstari.

Jambo la pili ni upande wa kulaza bodi. Bledi ya msumeno wa mkono huzunguka kwa namna ambayo meno ya mbele hupanda kutoka chini kwenda juu. Yanapotoka juu ndipo yanapomega tabaka la bodi. Kwa hiyo upande mzuri wa plaiwudi ulale chini, na mstari uchorwe upande wa nyuma. Kwenye mashine ya meza ni kinyume chake, kwa kuwa meno hushuka kutoka juu, hivyo upande mzuri hukaa juu. Fundi aliyezoea mashine moja akihamia nyingine bila kujua tofauti hii ataharibu sura ya kazi nzima.

Kama pande zote mbili zitaonekana, bandika selotepu ya karatasi juu ya mstari na ukate juu yake, au pitisha kisu chenye makali kwenye mstari kwanza ili tabaka la juu liwe limekwisha kukatika kabla msumeno haujafika.

Tatu ni kina. Bledi isishuke sana chini ya bodi. Milimita 3 hadi 5 kupita unene wa bodi zinatosha. Ukiishusha yote, unaongeza hatari kwa vidole na mapaja yako, na vibanzi huongezeka. Nne, chomoa waya kwenye umeme, weka guni kati ya bledi na bamba la chini, uhakikishe kwamba bledi imesimama wima. Alama ya sifuri iliyoandikwa kwenye msumeno isiaminiwe kuliko guni.

Mkono haunyooshi mstari

Hata fundi wa miaka 20 hawezi kuongoza msumeno wa umeme kwa jicho kwa urefu wa mita mbili na nusu bila kuyumba. Msumeno wa mviringo unahitaji kitu kilichonyooka cha kuegemea. Rula maalumu za madukani zipo na bei zake ni kubwa, lakini unaweza kujitengenezea nzuri kwa mabaki ya plaiwudi. Fuata hatua hizi:

Chukua ukanda wa plaiwudi nyembamba, milimita 6, wenye upana wa sentimita 30 na urefu unaozidi kidogo mkato wako mrefu. Kwa mikato ya kukingama na bodi, mita moja na robo inatosha. Kwa mikato ya urefu, tumia ukanda wa bodi nzima.

Chukua ukanda mwingine wa milimita 12, upana wa sentimita 10, ambao ukingo wake mmoja umetoka kiwandani na haujaguswa na msumeno. Huo ndio ukingo ulionyooka kuliko wowote utakaoweza kuukata wewe. Uweke juu ya ukanda mwembamba, ukingo wa kiwandani ukitazama upande ambao msumeno utapita. Paka gundi na funga kwa skrubu fupi. Hakikisha mota ya msumeno haitagonga ukanda huo wa juu.

Gundi ikikauka, egemeza bamba la msumeno kwenye ukingo wa kiwandani, washa, na pita mwanzo hadi mwisho. Sehemu iliyozidi ya ukanda mwembamba itakatika na kuanguka. Ukingo uliobaki ndio mahali hasa bledi yako inapopita.

Tangu siku hiyo kazi inakuwa nyepesi. Unaweka ukingo wa rula juu ya alama zako mbili, rula ikilala upande wa kipande unachokitaka, unaibana kwa klampu mbili, unakata. Huhitaji kukisia umbali kati ya bledi na bamba. Kumbuka tu kuongeza milimita 6 za rula kwenye kina cha bledi. Kumbuka pia kwamba rula hiyo ni ya msumeno huo na bledi hiyo. Ukibadilisha msumeno, au ukiweka bledi yenye njia pana zaidi, itengeneze upya.

Klampu zisionekane kuwa gharama ya anasa. Msaidizi anayeshika rula kwa mikono huchoka, huteleza au hugeuka kujibu simu, na rula ikisogea milimita 4 katikati ya mkato, bodi imeharibika.

Lala chini, usining'inize

Nimeona karakana nyingi ambako bodi huwekwa juu ya stuli mbili, mmoja anakata na mwingine anashika mwisho. Msumeno ukifika katikati, bodi inalegea na kuingia ndani kama kitanda cha kamba. Pande mbili za mkato hubana bledi, na msumeno huruka nyuma kumfuata aliyeushika. Ajali nyingi za msumeno huu huanzia hapo.

Njia salama ni kulaza bodi chini, juu ya vipande vinne vya mbao vyenye unene sawa. Viwili viwe upande mmoja wa mkato na viwili upande wa pili. Ukimaliza kukata, pande zote mbili zinabaki zimelala pale pale. Hakuna kinachoanguka, hakuna kinachobana na hakuna kibanzi kinachochanika mwishoni kwa sababu ya uzito. Pia humlazimu msaidizi kushika chochote.

Shika msumeno kwa mikono miwili. Uache ufikie kasi yake yote kabla haujagusa bodi, usukume kwa mwendo mmoja, na usiugeuze katikati ya mkato. Ukiona umetoka kwenye mstari, zima, subiri bledi isimame, rudi nyuma uanze tena.

Kuna tabia ya kufunga kikinga cha bledi kwa waya ili kisisumbue. Ni tabia mbaya. Kikinga hicho ndicho kinachofunika meno unapoweka msumeno chini kabla haujaacha kuzunguka. Vaa miwani, ziba masikio na pua, na usikate ukiwa umevaa nguo inayopepea. Badilisha bledi wakati waya umechomolewa, si wakati swichi imezimwa tu. Na kama unavuta umeme kutoka mbali, tumia waya mnene ulionyooshwa wote. Waya mwembamba na mrefu hupunguza nguvu ya umeme, mota hupata moto, na msumeno unaokwama kwama hauwezi kutoa mkato ulionyooka.

Pengo la milimita 3 ni tundu la sentimita 6

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba milimita mbili tatu haziui mtu, kwa kuwa zitazibwa kwa mchanganyiko wa gundi na unga wa mbao. Kwa kabati la nguo huenda ni kweli. Kwa kitotoleshi cha mayai si kweli, na hili nimelipia mwenyewe.

Miaka michache iliyopita niliagiza sanduku la kitotoleshi kwa fundi wa mtaani. Vifaa vya ndani, yaani balbu, feni na kidhibiti joto, nilivinunua mwenyewe. Sanduku lilipokuja lilipendeza kwa rangi, lakini mlango haukukaa. Upande mmoja ulibana na upande wa pili uliacha mwanya ambao kadi ya simu ingepita ikiwa imelala. Nikaziba kwa vitambaa, nikaweka mayai.

Mayai ya kuku hukaa siku 21, na kwenye kitotoleshi chenye feni joto hutakiwa kuwa karibu nyuzi 37.5. Sanduku langu lilikuwa likipanda na kushuka, na maji ya kuongeza unyevu yalikauka kabla ya wakati. Zaidi ya nusu ya mayai hayakuanguliwa. Sitasema lawama yote ni ya mlango, kwa sababu umeme nao ulikatika mara mbili. Lakini sanduku lililoziba vizuri hutunza joto umeme unapokatika, na langu halikuwa na uwezo huo.

Baadaye nilikaa chini nikapiga hesabu. Mwanya wa milimita 3 kwenye ukingo wa mlango wenye urefu wa sentimita 120, ukijumlisha pande zilizoachia, ni sentimita za mraba 36. Ni sawa na kutoboa tundu la sentimita 6 kwa 6 kwenye ukuta wa sanduku na kuliacha wazi siku 21. Kitotoleshi kinahitaji hewa, ndiyo, lakini kwa matundu uliyoyachagua na unayoweza kuyafunga na kuyafungua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulitokea siku bodi ilipokatwa.

Sanduku zima kutoka bodi moja

Baada ya hapo nilichora mpango mwingine, na fundi mwingine akaukata. Nauweka hapa kwa sababu unaonyesha jinsi mpangilio wa mikato unavyosaidia kuliko ustadi wa mkono. Tumia bodi moja ya milimita 12.

Sanduku lina upana wa milimita 600 na kimo cha 700. Pande mbili, mgongo na mlango, vyote ni 700 kwa 600. Kifuniko cha juu na sakafu hukaa kati ya pande mbili, kwa hiyo upana wao ni 600 ukitoa unene wa bodi mbili, yaani 576, na kina chao ni 600. Mgongo na mlango hulala juu ya kingo za nyuma na mbele.

Utaona kwamba kila kipande kina 600 mahali fulani. Hivyo mkato wa kwanza ni kuipasua bodi kwa urefu kupata kanda mbili za milimita 600. Mbili ni 1,200, pamoja na njia ya msumeno 3 inakuwa 1,203, zinabaki 17 za kusafishia ukingo. Kanda ya kwanza ikatwe vipande vitatu vya 700. Kanda ya pili itoe kimoja cha 700 na viwili vya 576. Sanduku limekamilika.

Vipande vyote sita vimezaliwa na kipimo kile kile cha 600, kwa hiyo haiwezekani upande mmoja ukawa mpana kuliko mwingine. Ukikosea, utakosea kwa vyote sawasawa, na mlango bado utafunga. Hiyo ndiyo siri ya usahihi: vipande vinavyotakiwa kulingana vikatwe kwa kipimo kimoja, bila kupima upya kila kimoja kwa futi kamba. Kwa vile vya 700 na 576, kata kijiti chenye urefu huo na ukitumie kuweka alama badala ya kusoma namba kila mara.

Usichore mistari yote kwenye kanda kwa mara moja kisha ukaanza kukata. Kila mstari utaliwa na msumeno na vipande vya mwisho vitapungua. Chora kimoja, kata, kisha pima kinachofuata kuanzia ukingo mpya.

Hapa pia ndipo unene halisi unapoleta kazi. Kama bodi yako ina milimita 11 badala ya 12, ukikata kifuniko 576 sanduku litakuwa na upana wa 598, huku mlango na mgongo vikiwa 600. Vitatokeza. Fundi aliyepima kabla atakata 578 na kila kitu kitakaa mahali pake.

Tupige na hesabu ya uchumi. Bodi ina karibu mita za mraba 2.98. Vipande vya sanduku vinatumia 2.37, yaani asilimia 80. Kwenye mwisho wa kanda hubaki kipande cha milimita 331 kwa 600 na kingine cha 579 kwa 600. Hivyo vinafaa kutengenezea fremu za trei, mbao za kuzuia mlango na kisanduku cha swichi. Ukivitumia, kilichopotea kabisa ni asilimia 2 tu. Ukivitupa, umetupa moja ya tano ya fedha ya bodi.

Nunua msumeno au lipa ukatiwe?

Si kila mkulima au mfanyabiashara anahitaji msumeno wake. Maduka mengi ya mbao mijini yana mashine ya meza na hukata kwa malipo. Njia ya kuamua ni rahisi. Tuseme msumeno na bledi nzuri ni Sh280,000, na kukatiwa bodi moja ni Sh5,000. Gawanya, unapata bodi 56. Anayekata bodi 4 kwa wiki atarudisha fedha yake ndani ya wiki 14. Anayekata bodi moja kwa mwezi atasubiri zaidi ya miaka minne, na fedha hiyo ingemfaa zaidi kwenye chakula cha kuku. Weka bei za mahali pako kwenye hesabu hiyo kabla hujavutiwa na msumeno unaong'aa kwenye kabati la muuzaji.

Ukiamua kukatiwa, usiende dukani na maneno matupu. Nenda na mchoro. Chukua daftari la hesabu lenye miraba, kila sentimita moja iwakilishe sentimita 10 za bodi. Bodi nzima inakuwa sentimita 12.2 kwa 24.4, na inaenea kwenye karatasi ya A4. Chora kila kipande, andika vipimo kwa milimita, onyesha mkato wa kwanza, wa pili na wa tatu. Muulize mwenye mashine bledi yake inakula milimita ngapi. Asipojua, akate mabaki mara moja na mpime pamoja.

Wanaotaka kujifunza zaidi wanaweza kuulizia vyuo vya VETA vinavyofundisha useremala, na ofisi za SIDO zilizopo mikoani kwa ushauri wa viwanda vidogo.

Andika, usikisie

Kwa fundi anayeishi kwa kazi hii, ushauri wangu wa mwisho ni wa kalamu. Kwa kila kazi andika bodi ulizonunua, vipande vilivyotoka, vilivyoharibika na sababu ya kuharibika, na mabaki uliyoyahifadhi pamoja na vipimo vyake. Baada ya miezi mitatu utajua kama fedha yako inapotelea kwenye bledi butu, msaidizi anayesogeza rula, au zabuni ulizokubali kabla ya kupiga hesabu. Kila moja kati ya hizo ina dawa yake, na dawa nyingi ni za bei ndogo kuliko bodi moja.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa seremala, habari hiyo huwa iko sakafuni, kwenye unga anaoufagia kila jioni.